Mama mkwe anafagia, mimi natandaza

*Shikamoo mzee wetu wa safu ya mifugo,*

*Naishi Chuno, Mtwara mjini, nina mume na watoto wawili. Nimeajiriwa, natoka nyumbani saa moja kasoro asubuhi, narudi jioni. Nyuma ya nyumba nina kuku wakubwa 38, wengi wao mitetea wa kienyeji na machotara, pamoja na vifaranga wa wiki nne. Usiku wanalala kwenye kibanda cha mbao, mchana wanashinda kwenye kiwanja chao nilichokizungushia wavu, mita nne kwa tatu. Nusu ya kiwanja ina bati, nusu iko wazi.*

*Mwaka jana mwezi wa nane kijana mmoja mfugaji wa Mikindani alinielekeza niache kufagia kila siku. Alisema nitandaze maranda na majani makavu, kinyesi kiangukie humo humo, niwe naongeza juu na kugeuza, mwisho nitapata mbolea na harufu sitaisikia. Kiangazi chote alikuwa sahihi. Mvua zilipoanza Desemba, balaa. Sehemu ya wazi imegeuka tope jeusi, pananuka mpaka macho yanawasha. Jirani wa upande wa kusini ameshapeleka maneno kwa mjumbe. Nikamwaga chokaa ya kupakia nyumba na majivu ya jikoni juu yake, na siku hiyo hiyo harufu ikawa kali kuliko mwanzo. Nikasema labda chokaa ni feki.*

*Mama mkwe amekuja kutoka Newala tangu Novemba. Ni mama mwema, watoto wanampenda, lakini hili la kuku hatuelewani. Anasema nyumba hujulikana kwa uwanja wake, na hajapata kuona mwanamke anayelimbikiza mavi ya kuku kama mahari. Nikishatoka kazini, ananyunyiza maji kidogo vumbi lisiruke, anafagia chini ya bati mpaka udongo unaonekana, taka anazirundika pembeni ya wavu. Jioni nikirudi natandaza upya. Hatujagombana, ila kila mmoja anatengua kazi ya mwenzake. Mume wangu hataki kuingia kati. Yeye anasema tumwage zege kiwanja kizima, yaishe.*

*Wiki hii vifaranga wamezubaa, mbawa zimeshuka, na kinyesi cha baadhi yao nimekiona kina damu. Mitetea wawili wanachechemea, chini ya unyayo kuna kigaga cheusi.*

*La mwisho: ndugu zake mama wanabangua korosho, wako tayari kunipa maganda bure, magunia nitakayo. Niyatandaze?*

*Mama wa Chuno*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na vifaranga, maana hao hawana muda wa kusubiri hadithi ya matandazo. Kifaranga wa wiki nne akizubaa, akashusha mbawa na kuhara damu, mfugaji aifikirie kwanza koksidiosis, ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na vimelea vya utumbo. Vimelea vyake vikitoka kwenye kinyesi huwa bado havijaiva. Vinahitaji joto, hewa na unyevunyevu kwa siku moja au mbili ndipo viweze kumwambukiza mwingine. Uwanja mbichi wa msimu wa mvua Mtwara unavipa vyote hivyo bila kuombwa. Watoe vifaranga leo. Wahamishie mahali pakavu penye maranda mapya, mbali na wakubwa, na chombo cha maji kikae juu ya tofali wasikichafue. Kisha chukua kinyesi kibichi kwenye kimfuko safi, umpelekee afisa mifugo wa kata yako, au ukifikishe kwenye kituo cha maabara ya mifugo, TVLA, maana Mtwara kipo. Dawa inayotumika sana ni amprolium ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa, kwa kipimo utakachopewa na mtaalamu. Kwa siku za dawa hiyo usiwape vitamini zenye B1 ndani yake, kwani amprolium hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini hiyo hiyo; ukimwaga vitamini humo humo unamlisha adui. Wengi hufanya hivyo kwa huruma, halafu wanalalamika dawa haina nguvu.

Wale mitetea wanaochechemea, waoshe nyayo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, wakaushe, wakae pakavu. Kigaga hicho huletwa na kukanyaga matandazo mabichi yenye amonia, ile hewa kali ya kinyesi inayowasha macho, siku baada ya siku, yakababua ngozi ya unyayo. Ukiona uvimbe mgumu ndani, usijaribu kutumbua kwa wembe jikoni. Mwachie mtaalamu.

Sasa kiwanja. Kijana wa Mikindani hakukudanganya, na mama mkwe hakosei kwa alipotoka, lakini nyote mmekuwa mkigombana na kinyesi wakati kinachonuka pale ni maji.

Hebu tupige hesabu. Kuku mkubwa hutoa kinyesi kibichi kinachokaribia gramu 100 kwa siku, na robo tatu yake ni maji. Kuku wako 38 kwa pamoja wanaleta kiwanjani lita zisizofika tatu kwa siku. Matandazo mazuri yanazimeza hizo bila kuonyesha. Sasa tazama mbingu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati lako linafunika mita sita za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 30, ambayo kwetu si ya ajabu msimu huu, bati linakusanya lita 180. Zinakwenda wapi? Kama mteremko wa bati umeelekea sehemu ya wazi, na nahisi ndivyo, zote zinaishia kwenye zile mita sita nyingine, ambazo nazo zimeshapokea lita zao 180 moja kwa moja. Jumla lita 360, yaani ndoo 18 za lita ishirini, kwa mvua moja. Hakuna maranda duniani yatakayobeba mzigo huo.

Na mvua ikinyesha kuku nao si wajinga, wote 38 wanakimbilia chini ya bati. Hapo wanakuwa zaidi ya sita kwa kila mita ya mraba, wakati kwa matandazo ya kulimbikiza wanne au watano ndiyo kiasi cha haki. Ndiyo maana hata nusu iliyofunikwa haipumui.

Halafu kuna sentensi moja kwenye barua yako uliyoipita haraka: mama ananyunyiza maji, anafagia mpaka udongo unaonekana. Kwa hiyo chini ya bati, mahali pekee palipokuwa na nafasi ya kubaki pakavu, kila asubuhi panalowa na kuvuliwa nguo. Jioni unatandaza tabaka jembamba juu ya udongo mbichi. Tabaka la namna hiyo haliwezi kufanya kazi. Matandazo yanahitaji kina na muda, ili vijidudu vyenye manufaa vizaane humo na kuanza kula kinyesi pamoja na majani makavu. Kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi mno; maranda na majani yana kaboni. Vikikutana kwa kiasi, pakiwa na hewa na unyevu mdogo, naitrojeni inageuzwa kuwa mwili wa vijidudu badala ya kupaa kama amonia. Ukiondoa matandazo kila siku, unaondoa wafanyakazi wenyewe.

Nakuja kwenye chokaa, maana wengi mnaniandikia jambo hili. Chokaa yako haikuwa feki, ilifanya kazi yake barabara. Chokaa na majivu vyote hupunguza uchachu, na amonia iliyokuwa imeshikwa ndani ya matandazo mabichi, uchachu ukishapungua, inafunguliwa na kupaa yote kwa mkupuo. Ndiyo harufu ile iliyozidi siku hiyo hiyo. Tena chokaa ya kupakia nyumba inaunguza nyayo na macho ya kuku. Iweke mbali. Majivu usitupe, wawekee kwenye karai au beseni pana mahali pakavu waoge vumbi, watapunguza utitiri na chawa wenyewe.

Kazi ya wiki hii ni ya sepetu. Ngoja siku ambayo mvua imekatika, ukwangue lile tope jeusi lote la sehemu ya wazi mpaka ufikie udongo ulioshikana. Lipeleke mbali na nyumba na mbali na wavu, ulichanganye na majani makavu au magunzi, ulifunike kwa turubai. Lile rundo la mama pembeni ya wavu nalo liende huko huko, kwa sababu kila mvua ikilipiga, maji yake meusi yanarudi kwa kuku. Chimba mtaro mdogo upande maji yanakotokea, udongo wake uutumie kuinua tuta ili maji ya uwanjani yazunguke badala ya kupita katikati. Kwenye ukingo wa bati funga gata, na kama mfuko hauruhusu, mwanzi mnene uliopasuliwa katikati unatosha. Maji uyapokee kwenye pipa. Lita 180 ni za kufulia, kwa nini uwape kuku?

Sehemu ya wazi ifunikwe. Kwa sasa turubai lililokazwa kwa mteremko litakusaidia, lakini dawa yenyewe ni bati, na hapa ndipo ninapozungumza na mumeo. Baba, fedha ya zege ulilokuwa unalifikiria nunua mabati manne ya mita tatu na mbao za kuyashikia. Yanafunika eneo lililobaki na ukingo wa kutokeza nje. Zege chini ya kuku si kosa, ndani ya kibanda cha kulala linazuia panya na linaoshwa kirahisi. Lakini ukilimwaga kwenye kiwanja ambacho hakijaezekwa umetengeneza sinia, maji hayana pa kushuka. Na hata juu ya zege utatandaza tu. Udongo wetu wa mjini Mtwara sehemu nyingi ni wa kichanga, unanyonya. Mwache akusaidie bure. Kiwanja chote kikiezekwa, kuku 38 kwenye mita 12 wanakuwa watatu na kidogo kwa mita, na hapo mfumo unakaa sawa hata ukiongeza wachache.

Mkumbuke na upepo. Mvua zetu zinakuja na kaskazi, kwa hiyo mvua ya kusukumwa inaingilia upande wa kaskazini-mashariki. Upande huo wa wavu shusha pazia la viroba vilivyoshonwa, lenye uwazi juu ili hewa ya moto na amonia vitoke. Upepo huo huo ndio unaompelekea jirani yako wa kusini harufu, ndiyo maana amelalamika yeye na si mwingine. Likianza kusi baada ya masika na hujarekebisha kitu, watalalamika wa upande wa pili.

Sasa vya kutandaza. Maranda ya mbao laini ndiyo bora, yale mapana yanayotoka kwenye randa. Vumbi la msumeno silipendi, linashikana kama uji likilowa, na likikauka linapeperuka kuingia kwenye mapafu ya kuku. Ulizia fundi asikupe maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Pumba za mpunga ni nzuri lakini nyepesi, changanya na kitu kizito. Maganda ya karanga nayo ni mazuri kama yamekauka na hayana ukungu. Ukiyanusa yakakupa harufu ya stoo iliyofungwa muda mrefu, tupa, sumukuvu si mchezo kwa kuku. Makumbi ya nazi yakatwe vipande vidogo, uyaweke chini kabisa pamoja na magunzi ili kuwe na nafasi ya hewa na maji kushuka. Usumba mrefu usiuache juu: unawafunga miguu, na wakiumeza unaziba gole.

Majani ya mkorosho unayo bure, ila yana mambo mawili. Ni magumu na bapa, yakilowa yanalaliana tabaka kwa tabaka na hewa haipiti. Yaponde kidogo kwa miguu na uyachanganye na maranda. La pili, usiyachukue chini ya mikorosho iliyopuliziwa salfa au dawa za ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, na za wadudu. Kuanzia mwezi wa sita mashamba mengi yanapuliziwa, kwa hiyo chukua ya mkorosho wa uani usioguswa na dawa.

Na maganda ya korosho? Hapana. Bure yao ni ghali. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na ndugu zake mama wanaobangua kwa mkono wanaijua shida hiyo kuliko mimi. Kuku anayetembea na kuparua juu yake kutwa nzima ataungua nyayo, na hao wako tayari wana vidonda. Washukuru, waambie kama wana magunzi ya mahindi utayafuata mwenyewe.

Uwanja ukishakauka, tandaza sentimita 10 hadi 15 kwa mkupuo mmoja, mkono ukichomekwa uzame karibu na kifundo. Kwa mita 12 ni kama magunia makubwa kumi au kumi na mawili, si machache, ndiyo maana nimekutajia vitu vingi vya kuchanganya. Mlangoni piga ubao wa kizingiti usimame sentimita 30, la sivyo kuku wataparulia yote nje. Kisha uongeze kidogo kidogo kila unapoona kinyesi kinashinda majani, mpaka kina kifike sentimita 20 au 30. Chombo cha maji kikae juu ya matofali, pembeni, chini yake kokoto. Ukienda mabanda mengi utakuta tope limeanzia hapo kwenye chombo cha maji na kutambaa. Nguzo za mbao zizungushie kokoto au mawe matandazo yasiziguse. Mchwa wakiingia kwenye maranda kuku watawafurahia, lakini mchwa hali maranda tu.

Kipimo chako ni mkono na pua. Fumbata konzi moja ya matandazo kutoka chini, si ya juu, ubane. Yakikaa donge na kiganja kikabaki na maji, yamelowa: ongeza makavu, geuza, tafuta panapovuja. Yakishikana kidogo halafu yakamomonyoka ukifungua vidole, ndiyo yenyewe. Yakikutoka kama mchanga na vumbi juu, yamekauka mno. Halafu chuchumaa, shusha uso mpaka usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi. Watu wananusa wakiwa wamesimama mlangoni, wanasema hakuna shida, wakati kuku anaishi huko chini kwenye sentimita 20 za kwanza. Macho yakikuwasha hapo, yeye yanamwasha usiku na mchana, na mapafu yaliyochomwa na amonia ni mlango wazi wa mafua.

Kugeuza wape kuku wenyewe. Asubuhi mtu arushe konzi mbili tatu za chenga za mahindi au mtama, akitawanya mpaka kwenye kona wasizopenda, nao watafukua mpaka chini. Panaposhikana kama mkate, hapo tumia reki au jembe, uvunje. Chakula kisilale humo, panya watahamia na nyoka wakifuata panya.

Na sasa mama. Nimekaa na akina mama wa Newala, najua uwanja wa asubuhi una maana gani kwao. Tena huko anachofanya ni sahihi kabisa: kuku wanazurura chini ya mikorosho kutwa, kinyesi kinatawanyika shamba zima, kinachobaki uani ni kidogo, unakifagia na kukitupa migombani. Wako hawazururi. Wako 38 kwenye chumba kimoja, na mtaa wako hauna shamba la kumeza. Usimweleze kwa maneno ya kwamba yeye ni wa zamani na wewe umesoma. Mwombe msaada, na uwe msaada wa kweli, kwa sababu upo. Kuku hutoa sehemu kubwa ya kinyesi chake usiku akiwa kwenye kichanja. Chini ya vichanja weka ubao mpana au bati bapa, na kila alfajiri kinyesi cha usiku kikwanguliwe kipelekwe kwenye rundo la mbolea. Kazi hiyo inataka mtu anayeamka mapema, anayechukia uchafu na asiyesahau. Unaye nyumbani. Itakuondolea mzigo mkubwa, na ufagio wake utakuwa na pa kwenda: kibandani, kwenye njia ya kuingilia, kuzunguka wavu kwa nje. Ndani ya wavu, mpe yeye zile chenga arushe. Na maji yake ya kunyunyiza asiyaache kabisa. Ikifika Agosti na Septemba, kiangazi kimekaza na matandazo yamekuwa vumbi, kuku wanapiga chafya, ndoo moja iliyonyunyizwa kwa mkono juu ya kiwanja kizima ndiyo itakayohitajika, na yeye ataijua siku yake kabla yako.

Mumeo usimwache pembeni. Aseme na mama yake yeye mwenyewe, mara moja, kwa heshima, kwamba mambo ya kiwanja mmekubaliana ninyi wawili. Mkwe akizuiwa na mke wa mwanawe ni jambo moja, akiambiwa na mwanawe ni jingine. Na kwa jirani nenda wewe na mumeo kabla mjumbe hajawaita. Msiende na ahadi tupu. Nendeni tope likiwa limeshaondolewa, mwonyesheni gata na turubai.

Kuna mtu atakuambia matandazo ndiyo yanayoleta kideri. Kideri huletwa na virusi, huingia na kuku mgeni wa mnadani, na vyombo, na miguu ya watu. Chanja kwa I-2, tone moja jichoni, kila miezi mitatu, na chanjo ibebwe kwenye baridi kutoka dukani mpaka nyumbani. Ila kikiingia, au ugonjwa wowote wa kuua kwa kundi, hapo matandazo yote yatoke, yachomwe au yafukiwe, na hakuna kubakiza.

Bila ugonjwa, toa mara moja kwa mwaka, na kwa Mtwara mwezi mzuri ni Septemba. Sababu ni mbili: unaingia kwenye mvua na matandazo mapya makavu yenye nguvu ya kunyonya, na ulichokitoa kinapata miezi miwili au mitatu ya kuiva kabla ya watu kupanda. Usitoe yote. Acha theluthi moja, iliyo kavu na nyeusi inayonukia udongo, uichanganye na mapya ili vijidudu visianze upya. Kilichotoka kirundike kivulini, kinyunyizie maji, kifunike, kigeuze kila baada ya wiki mbili. Katikati patapata joto la kumfanya mtu aondoe mkono. Joto likiisha na majani yasitambulike tena, imeiva. Kabla ya hapo itaunguza mchicha na matembele yako, na kwa mboga za kuliwa mbichi usiitumie kabisa. Lile tope utakalolikwangua wiki hii nalo lina njia hiyo hiyo, ila kwa kuwa lina chokaa nyingi na limelowa sana, lichanganye na majani makavu mara mbili ya ujazo wake na ulipe muda mrefu zaidi, mpaka kiangazi.